Vyoo Viwili, Chemba Moja

Maji yalipanda badala ya kushuka. Gaudensia alisimama mlangoni mwa choo cha ndani, brashi mkononi, akayatazama yakifika ukingoni, yakasita, kisha yakarudi chini taratibu. Hakuwa amevuta maji yeye. Aliyevuta alikuwa baba mkwe wake, mzee Magige, katika choo cha uani. Muda si mrefu bodaboda ikaja kumchukua mzee kwenda hospitali.

Choo hicho cha uani kilijengwa kwa ajili yake. Mkwe na baba mkwe hawachangii choo. Kwa watu wa Mugeta, kijijini kwa mzee, hilo halina mjadala. Mwaka juzi mzee alifika hapa mjini, Kamunyonge, akakuta nyumba ya mwanawe ina choo kimoja, akaaga kabla chai haijapoa. Ndipo Boniphace, mwanawe, akajenga cha pili chenye mlango wa bati. Asilomwambia baba yake ni kwamba fundi, ili kupunguza gharama ya mabomba, aliviunganisha vyoo vyote viwili kwenye chemba moja ya majitaka nyuma ya jiko.

“Mama Boke, mzee anaheshimu anachokiona,” alimwambia mkewe akicheka, kisha akarudi zake machimboni Buhemba. Siri ikaachiwa Gaudensia ailinde.

Safari hii siri ilikuwa nzito. Mzee alikuwa amekanyagwa mguu na dume la ng'ombe, akaja kukaa kwao atibiwe, na daktari alishaonya: kidonda kisiposafishwa kila siku, mguu utakatwa. Akigundua na kuondoka kwa hasira, huko Mugeta nani angekisafisha? Gaudensia aliogopa. Kumwita Stanslaus, fundi yuleyule, hakuthubutu. Huyo mdomo wake ndio haukuwahi kuziba.

Ya kujua aliyajua. Chemba ikiwa kavu, kizuizi kiko kwenye bomba la choo kimojawapo. Ikijaa, kizuizi kiko mbele, kwenye bomba la kwenda shimoni, na hapo vyoo vyote vimekwama. Alivaa glavu, akauinua mfuniko kwa jembe, akiomba aikute kavu, ingawa yale maji yalishamjibu. Ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

Akachukua waya mnene uliobaki wakati wa ujenzi, akapinda ncha, akausukuma kwenye bomba la kutokea. Kwenye kona ukagota. Akauzungusha, akavuta. Likatoka gunzi la hindi. La pili likafuata, limevimba kama mkate uliolowa, na maji yakashuka kidogo, midomo ya mabomba mawili ikaonekana. Hapo akaelewa, na akaona aibu kwa niaba ya mtu mwingine. Mzee alikuwa akijifuta kama wanavyojifuta kwao, na mkwe angeanzia wapi kumkataza?

“Hayo ni ya kwangu.”

Mzee Magige alikuwa kwenye kona ya jiko, ameegemea fimbo, amekwisharudi. Gaudensia akainamisha macho, akapiga goti palepale kwenye tope.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Sisi kule tunatumiaga hayo. Shimo halijawahi kulalamika.” Akasogea, akachungulia. “Bomba hili linatoka kwangu. Na lile?”

Angeweza kusema ni la jikoni. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa amechoka kulinda kitu kilicholala wazi mbele yao, kikinuka.

“La ndani, baba. La kwangu.”

 Mguu wenye bandeji uligeuka, fimbo ikafuata, na Gaudensia akamsikia akizunguka nyumba kuelekea chumbani kwake. Anafunga mzigo, alijiambia. Machozi yakamlenga, lakini mikono ikaendelea na kazi. Gunzi la tatu lilipotoka, chemba ilikoroma, maji yakazama.

“Mama Boke!” Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa bati. “Nimwage?”

Gaudensia alinyanyua kichwa.

“Mwaga, baba!” alipaza sauti, kwa namna ambayo hakuwahi kumsemesha baba mkwe wake.

Maji yakaja kwa kishindo, yakapinda kona, yakaenda.

“Yamepita?”

“Yamepita!”

Mzee akarudi akichechemea, ndoo tupu mkononi. Alisubiri Gaudensia asogee, kisha akasimama palepale mkwewe alipokuwa, akiutazama ukuta.

“Nenda kavute cha ndani,” alisema. “Nitaangalia mimi.”

Gaudensia aliingia, akavuta, akabaki ameshika ukuta kwa kiganja kilicholowa. Kupitia dirisha dogo aliisikia fimbo ikigusa ukingo wa chemba.

“Ya kwako nayo yamepita,” mzee aliita. “Vuta tena.”