Upanga Alionifulia Shemeji

Nilipotimiza miaka hamsini, wenzangu wa kikundi cha mchezo wa panga walinizunguka uwanjani nyuma ya ukumbi wa michezo wakanikabidhi upanga. Aliyeufua ni shemeji yangu Eldar, mume wa dada yangu. Hapa kisiwani Karmøy hakuna uliowahi kuuzidi kwa urefu. Mpini ulikuwa umesukwa nyuzi za fedha, na kwenye bapa nyoka wawili walikuwa wamesokotana. Nililia. Mimi ni mwanamke mrefu, wananiita Gunnvor Mlingoti, na kila mtu alisema hatimaye nimepata silaha ya kimo changu.

Jumanne iliyofuata, mazoezini, furaha ikaniishia.

Sisi hupigana kama Waviking, mabaharia wapiganaji wa kale wa huku kwetu, kwa ngao za mbao na panga butu. Miaka yote nilikuwa natumia upanga mdogo, nao ulinielewa: nikiwaza bega la mtu, ncha imeshafika. Huu mpya nikiunyanyua, ncha ilibaki nyuma ikinivuta kama ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Ukishaanza kushuka, hausikii la mtu. Uzito wote umekaa mbele, na ukikosa shabaha unakuburuta nao mpaka ubavu mzima ubaki wazi.

Turid, mwalimu wa chekechea anayenifikia kifuani, aliuona ubavu huo. Akanichoma, akanichoma tena.

"Mlingoti umeng'oka!" akapiga kelele. "Leteni kamba!"

"Subiri niuzoee," nikamwambia, nahema.

"Wewe uzoee, mimi naendelea kuchoma."

Wote wakaniambia hivyo hivyo, nitauzoea. Kaza kiwiko. Legeza kiwiko. Tumia kiuno, Gunnvor, kiuno! Nikakaza, nikalegeza, nikatumia kiuno. Kifundo cha mkono kikavimba hata kumimina kahawa kukawa kazi. Usiku nilikuwa nauota ule mdogo uliotundikwa ukutani, lakini ningeuchukuaje mbele ya watu walionipa zawadi? Nao kila nikifika waliuliza, "Mkubwa hajambo?" Nikawa nasema hajambo, huku moyoni natukana.

Kisha likatokea nililokuwa naliogopa. Sheria yetu ya kwanza ni kwamba pigo lazima ulizuie kabla halijamuumiza mwenzako. Turid aliteleza kwenye nyasi zilizolowa, ngao ikamshuka. Niliona. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na upanga ukaendelea na safari yake. Ulimpiga mkononi, juu ya glovu, nikasikia mlio.

"Nimekuzuilia!" nikamwambia, kama mjinga.

"Ndiyo, nimeona ulivyonizuilia," alisema Turid, midomo imempauka. "Kidole kimevunjika, dada."

Nilimpeleka hospitali. Kutoka huko nikaenda moja kwa moja kwa Eldar, upanga mkononi. Alikuwa karakanani, anapiga msasa.

"Shemeji, upanga huu ni mbaya."

Hakugeuka. "Upanga hauna kosa. Mkono ndio una kosa."

"Mkono huu umepigana miaka ishirini na ule mdogo na haujavunja mtu hata ukucha."

"Basi mdogo ni mzuri, kaupende huo."

"Na huo mdogo aliufua nani? Si wewe?"

Hapo akageuka. Nilikuwa nimekasirika, ulimi ukanitangulia.

"Uliufua ukiwa bado unapigana, Eldar. Kila siku ulirudi uwanjani kuujaribu, ukapunguza hapa, ukachonga pale. Tangu goti likuharibikie hujakanyaga uwanja. Huu umeufulia macho. Shika! Upige, halafu uuzuie."

Hakuushika. Alitazama nyoka wake wawili. Nikajua nimemgusa mahali ambapo hata dada yangu hapagusi, nikataka kuomba radhi, ila kidole cha Turid kilikuwa bado kinalia masikioni mwangu.

"Uache hapo," alisema. "Nenda nyumbani, Gunnvor."

Kwenye tamasha letu la kiangazi nilipigana na upanga mdogo. Turid alikuwa kwenye jiko la nje, kando ya uwanja, anakoroga uji, kidole kimefungwa, ananizomea nikikosa na ananizomea nikipata. Eldar hakuja. Dada yangu alisema amejifungia karakanani, hataki hata kuitwa mezani.

Mwanzo wa vuli akaja kwangu, kutembea kwenyewe anachechemea, na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Upanga alikuwa ameupunguza kwa urefu wa kiganja. Ncha ameisaga ikawa nyembamba, na kirungu cha mwisho wa mpini amekibadilisha, kizito zaidi, ili kivute uzito urudi mkononi. Katika kusaga, nyoka mmoja alikuwa amepotea kabisa.

Tulitoka nyuma ya nyumba. Nikapiga, nikazuia. Nikapiga tena kwa kasi.

"Enhe?" akauliza.

Nilitamani sana kumdanganya.

"Ni afadhali," nikasema. "Lakini bado. Kwenye kurudi, bado unachelewa."

Alitoa tusi ambalo sitalirudia, akauchukua, akajaribu kupiga mwenyewe. Ulimvuta akayumba juu ya goti lake bovu, nikamdaka begani.

"Mbwa huyu!" akaufokea upanga. Akauviringisha kwenye blanketi. "Chemsha kahawa, shemeji. Nikinywa naurudisha kwenye jiwe la kunolea."