Vibarua wa Mawinguni

Kompyuta za kukodi zilizowafanyia majaribio Rebeka aliziita vibarua, na hakutaka kusikia jina jingine. Klara, aliyekaa naye meza moja, alizoea kuzitaja kwa Kiingereza kama vijana wote wenye kompyuta mpakato, lakini Rebeka alimkatiza kila mara.

"Mtu anakuja asubuhi, anapewa jembe, analima kipande chake, anaondoka. Sisi tunamwita nani? Kibarua. Basi na hawa ni vibarua."

Ofisi yao ilikuwa Mandewa, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako upepo uligonga bati mchana kutwa kama mgeni aliyefungiwa mlango. Walikuwa watatu tu: Rebeka na stashahada yake ya kompyuta na mdomo wake, Klara, mwepesi wa vidole na mwepesi wa kusahau, na bosi wao Hezekia, mtu wa makamo, mtoto wa mfugaji wa Ikungi, mpole mpaka anakera. Walikuwa wakitengeneza programu ya mizani kwa ushirika wa wakulima wa alizeti wa Ulemo. Mkulima analeta magunia, karani anapima, programu inaondoa uzito wa gunia tupu, na ujumbe wenye kilo halisi unaingia kwenye simu ya mkulima kabla hajageuza mkokoteni wake.

Ununuzi ulikuwa ufunguliwe Jumamosi. Msimu uliopita programu ilikwama siku ya kwanza, watu wakashinda juani na magunia yao. Mwenyekiti wa ushirika, Mama Scholastika, hakugomba. Alisema tu kwamba ikikwama tena wanarudi kwenye daftari moja kwa moja, na asimwone mtu wa Mandewa amesimama karibu na mizani yake.

Ndiyo maana hawakuthubutu kupeleka kitu kisichojaribiwa. Kila mmoja akimaliza kuandika kipande, alikipeleka kwenye hifadhi ya pamoja mtandaoni. Huko kompyuta isiyo ya mtu yeyote ilikichukua, ikaijenga programu upya tangu mwanzo, ikaipitisha kwenye majaribio mia mbili. Yakipita yote, alama ya kijani. Likianguka hata moja, nyekundu. Shida ni kwamba kompyuta hizo zilikuwa za bure, za dunia nzima, na foleni yake haikuwa na huruma. Klara aliweza kupeleka kazi, akaenda nyumbani kusonga ugali, akaula na mlenda, akaosha vyombo, akarudi akakuta bado wanasubiri zamu.

"Tuweke vya kwetu," Rebeka akasema.

Jumatatu akaanza. Alikodi nafasi mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, akaandika faili la maelekezo: kazi ikiingia, iundwe kompyuta mpya, safi, isiyojua lolote, ifanye kazi hiyo moja, ikimaliza, ifutwe. Kazi kumi, vibarua kumi. Alikosea mara nne, akaiambia mashine maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia, akarekebisha. Saa nane mchana kibarua wa kwanza alizaliwa, akachapa kazi dakika saba, akaacha alama ya kijani, akapotea. Klara alipiga vigelegele mpaka muuza misumari wa dukani akachungulia kuuliza nani kaposwa.

Hezekia naye alifurahi, akapiga makofi. Kisha akasogea kwenye skrini.

"Sasa yuko wapi?"

"Amefutwa, Bosi."

"Amefutwa? Kwani kakosa nini?"

"Hajakosa. Kamaliza kazi."

"Mwanangu! Ng'ombe amekupa maziwa asubuhi, mchana unamchinja?"

"Huyu si ng'ombe, Bosi, ni kibarua. Ukimlaza ndani atakuachia matope sebuleni. Kesho akija na mengine, hutajua tope lipi la shamba lipi."

Hezekia alicheka, lakini alicheka kama mtu anayeficha kitu mfukoni. Kwa baba yake mnyama mzuri alipewa jina na kuzeekea zizini, na mtoto aliyelelewa hivyo haachi kwa sababu ya faili la maelekezo.

Jumatano Rebeka alikwenda Ulemo kuwafundisha makarani. Aliporudi Alhamisi alikuta mambo yamenoga: majaribio yaliyochukua dakika saba sasa yalikwisha kwa mbili, na kila kitu kijani.

"Mmefanya nini?" aliuliza.

"Baraka tu," alisema Hezekia, akiangalia dirishani.

Rebeka angepaswa kuchimba pale pale. Lakini alikuwa na vumbi la njia nzima kichwani, na kijani ni rangi inayobembeleza. Akakubali.

Ijumaa saa sita mchana waliiweka programu kwenye kompyuta yenyewe ya ushirika, ile inayopokea mizani. Robo saa baadaye simu ya Hezekia ikalia, akaiweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Shikamoo, Mama," walisema wote watatu.

"Marahaba, wanangu. Nimeweka gunia kwenye mizani. Sasa simu yangu inaniambia, 'Uzito haujulikani.' Gunia ninaliona. Mizani ninaiona. Nini hakijulikani?"

"Mama, tumejaribu kila kitu, kila kitu ni kijani..."

"Hezekia, kijani ninacho shambani. Mimi nataka kilo. Wakulima wanafika kesho alfajiri. Ikifika saa tisa sijaona kilo, ninamtuma karani akanunue madaftari." Akaongeza maneno mawili ya Kinyiramba ambayo Hezekia, Mnyaturu, hakuyaelewa ila aliyahisi, akakata simu.

Klara alishika kichwa. "Lakini yamepita! Yote mia mbili!"

Rebeka aliivuta kompyuta yake. Alifungua orodha ya vibarua. Ilipaswa kuwa tupu, kwa kuwa hapakuwa na kazi. Haikuwa tupu. Kulikuwa na mmoja, amekaa tangu Jumatano, na alikuwa na jina.

"Madoa ni nani?"

Upepo ukapiga bati.

"Bosi. Madoa ni nani?"

"Alifanya kazi vizuri mno," alisema Hezekia polepole. "Nikaona ni dhambi. Nikaondoa ule mstari wako wa kufuta. Na si umeona alivyo mwepesi? Haanzi upya kila mara. Anakumbuka."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, Bosi! Anakumbuka! Ana vitu vya kazi za juzi tumboni. Akikuta kitu kimepungua leo, anachukua kiporo chake, anasema kijani."

"Hujui kama ndiye."

"Nimfute, aje mpya. Tutajua kwa dakika saba."

"Hapana." Mara hii upole wote uliisha. "Huu si wakati wa kubomoa kitu pekee kinachotupa kijani. Tafuta kosa kwenye programu. Madoa usimguse mpaka Jumatatu. Nimesema."

Wakatafuta. Klara alisoma mistari yake yote kwa sauti. Hezekia alisoma ya Rebeka. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, na kila walipopeleka kazi Madoa alirudisha kijani chake, haraka, bila aibu. Saa nane na nusu Hezekia alitoka uani kumpigia Mama Scholastika, amwombe walau hadi jioni.

Rebeka aliutazama mlango. Kisha akamtazama Klara.

"Usiniangalie mimi," alisema Klara. "Mimi nina mtoto anayesoma."

"Basi angalia ukuta."

Klara akaangalia ukuta. Rebeka akamfuta Madoa, akaurudisha mstari mahali pake, akapeleka kazi ile ile upya. Huko mbali kibarua mpya akaamka, mtupu kama shamba lililofyekwa, akaanza kujenga. Dakika moja. Tatu. Sita.

Nyekundu.

"Asante Mungu!" Rebeka alipiga meza, na kikombe cha chai kikaruka. Hakuna aliyewahi kuifurahia rangi hiyo kiasi kile. Chini yake kulikuwa na sentensi moja: faili la uzito wa magunia matupu halipo.

Klara aliacha ukuta. "Lipo! Lipo hapa kwangu!" Akafungua, akalionyesha kwa kidole, kisha kidole kikalegea. "Nililipeleka Jumatano. Nikalifuta kule hifadhini nipange upya. Halafu... sikulirudisha. Madoa alikuwa na lile la Jumatano?"

"Alikuwa nalo. Ushirika hawanalo. Lipeleke, dada, tutapigana baadaye."

Klara akalipeleka. Kibarua mwingine akaja, akafanya dakika zake saba, akaacha kijani, akaenda zake. Saa tisa kasoro dakika kumi waliiweka programu Ulemo. Hezekia aliingia kutoka uani na uso wa mtu aliyetukanwa kwa lugha mbili, na kabla hajakaa, simu ikalia.

"Kilo sitini na nne na nusu," alisema Mama Scholastika bila salamu. "Nikabadilisha gunia. Sabini na moja. Sasa ndiyo mnaongea. Kesho njooni mle, tunachinja kuku."

Klara akapiga vigelegele. Safari hii muuza misumari hakujisumbua kuchungulia. Hezekia alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaiona ile orodha kwenye skrini. Ilikuwa tupu.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Rebeka.

"Imefanya kazi, nimeona. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyeharibu. Hilo ninalikubali mbele ya Klara. Lakini nilikukataza kwa mdomo wangu, nami ni mkubwa wako. Niombe radhi, tuyamalize, kesho tukale kuku."

"Bosi," alisema Rebeka, "shikamoo yako utaipata kila asubuhi, na ukinituma Ulemo kwa miguu nitakwenda. Lakini ningekutii, kesho wakulima wangeandikwa kwenye daftari. Radhi siombi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."