Miswala Ishirini na Minne

"Mama Ilyas, unatandika makaro mu nyumba ama unatandika Tanganyika nzima?"

Hilo ndilo swali aliloliuliza Sijaona, jirani wa ukuta mmoja, siku ile pikapu iliposimama mbele ya nyumba ya Bi Thuwaiba kule Nyakabiga na kuanza kushusha katoni za makaro, yaani vigae vya sakafu. Bi Thuwaiba alikuwa kizingitini na daftari mkononi, kila katoni inayopita anaitilia alama. Hakujibu, maana mtu anayehesabu hajibu. Lakini swali lilimkaa kama punje ya mchanga ndani ya wali.

Mambo yote yalianza na shemeji yake Hamood, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mwenye depo ya vifaa vya ujenzi kule Quartier Industriel. Hamood ni mtu wa maneno. Hata akipiga chafya, lazima aieleze. Alikuja siku moja, akaiona sebule na sakafu yake iliyopasuka, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mwanamuke peke yake hawezi nyumba. Uhamie kwetu Ruziba, ulale chumba kimoja na shangazi Basma."

Bi Thuwaiba aliona giza. Shangazi Basma anakoroma kama jenereta ya kiwanda. Isitoshe, katika nyumba hii alikuja akiwa bibi harusi, humu alimwosha mume wake kwa mikono yake, na humu alitaka aoshwe mwenyewe siku ikifika.

"Apana, shemeji. Nyumba naiweza."

"Bon. Tengeneza hii salon, tuone. Kisipunguke kitu, kisibaki kitu. Mutu anayejua nyumba anajua kupanga vifaa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakuja. Ikikushinda, unafunga mizigo."

Basi Bi Thuwaiba akapanga. Mifuko mitano ya sima, ile saruji, aliiweka juu ya mbao isipate unyevu, mchanga akaufunika paka wa jirani wasiugeuze choo. Fundi Idi akichota koleo moja, yeye anaweka alama moja. Idi alisema hajawahi kufanya kazi na malaika wa kushoto na wa kulia wakiwa ndani ya mtu mmoja.

Kazi ilikuwa kwenye vipimo. Mita ya Idi ilikuwa imekatika mwanzo, inaanzia kwenye thelathini, na yeye husahau kutoa hiyo thelathini. Kwa hiyo Bi Thuwaiba alichukua mswala wake, ule anaosujudia tangu Ilyas mwanawe akiwa mgongoni, akaulaza chini kutoka ukuta mpaka ukuta. Nane kwa upana, mara tatu kwa urefu. Akaandika: miswala ishirini na minne. Kisha, kwa kuwa ulishika vumbi, akaufua na kuuanika, akaenda depo.

Huko depo ndiko likazuka jambo. Makaro mangapi yanaenea kwenye mswala mmoja? Na mswala wenyewe uko kwenye kamba, Nyakabiga.

"Shida iko wapi?" Hamood alicheka, akamgeukia kijana wa depo. "Muswala ni muswala! Niletee wangu mu gari."

Ukaletwa, ukatandikwa, makaro yakapangwa juu yake. Kumi na mawili, bila kubaki nafasi ya kidole. Katoni kamili.

"Voilà! Muswala moja, katoni moja. Andika ishirini na ine. Mi niko mu hii kazi miaka arobaini, shemeji."

Jumatano kabla ya ile Ijumaa, Idi alibandika karo la mwisho, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mama, tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Ona, katoni nane ziko hapa."

"Ndiyo, hizo ziko. Ni nyumba ndiyo imekwisha."

Bi Thuwaiba alihesabu katoni. Akahesabu tena kwa tasbihi. Nane. Akataka Idi abandike na jikoni, hata kwenye banda la kuku, lakini sima ilikuwa imekwisha, mchanga umekwisha, kila kitu kimekwisha sawasawa kama alivyopanga isipokuwa makaro. Kuyarudisha haikuwezekana. Depo ni ya nani?

"Yaweke kwangu," Sijaona alisema juu ya ukuta.

"Na akiuliza kama kuna kilichobaki?"

"Sema hakuna."

"Niseme uwongo siku ya Ijumaa?"

"Basi mupigie telefone leo, useme Jumatano."

"Sijaona! Muogope Mungu."

Mwishowe alikata shauri. Asipoulizwa hatasema, yeye si redio. Katoni tatu zikawa meza, zikavikwa kitambaa cha maua. Tatu zikaenda chini ya televisheni, nayo ikapanda cheo mpaka ukiitazama shingo inauma. Mbili zikawekewa mto mnene, zikawa kiti cha mgeni.

Ijumaa Hamood akafika, kanzu nyeupe, mswala kwapani, maana hasujudii mswala wa mtu. Sijaona alikuwepo, isije ikasemwa mjane kakaa peke yake na shemeji. Idi naye alikuwepo, akidai amefuata mwiko wake, ingawa harufu ya pilau ilikuwa imefika barabarani.

Hamood alikaa kwenye kile kiti.

"Kiti kigumu hiki."

"Ni kipya," alisema Sijaona.

Akala, akasifu, akaigonga sakafu kwa kisigino, akaeleza sakafu zote za Bujumbura alizowahi kuzigonga. Bi Thuwaiba akaanza kupumua. Wakati wa alasiri unakaribia, Hamood akajifuta midomo.

"Eh bien, shemeji. Hakuna kilichopunguka, naona. Na kilichobaki?"

Sijaona alimkanyaga Bi Thuwaiba mguu. Idi alipata kazi ya ghafla ya kuutazama mwiko.

Bi Thuwaiba alivuta pumzi. "Kimebaki, shemeji. Katoni nane. Mbili umezikalia."

Hamood aliruka kama aliyekalia jiko. Akafunua mto, akafunua kitambaa, akainama chini ya televisheni.

"Katoni nane! Si nilisema? Mwanamuke, hesabu na ukuta haviendani! Leo leo unafunga mizigo. Nitamwambia Basma asogeze kitanda."

Macho ya Bi Thuwaiba yalijaa. Lakini adhana ilikuwa inaita.

"Tuswali kwanza," alisema. "Mizigo itafungwa."

Wanaume mbele, wanawake nyuma. Hamood alitandika mswala wake juu ya makaro mapya. Bi Thuwaiba akatandika wake, Sijaona kando yake na kanga. Mungu amsamehe Bi Thuwaiba, lakini alipoinuka kutoka sijda ya mwisho, jicho lilimponyoka. Mbele, mswala wa Hamood ulikuwa umefunika makaro matatu kwa upana na manne kwa urefu. Akatazama chini, kwenye wake. Mawili kwa upana, manne kwa urefu.

Akasubiri Hamood, imamu wao, atoe salamu. Akasubiri na dua.

"Shemeji," alisema taratibu, "samahani. Muswala ni muswala?"

Hamood aligeuka amwulize ana maana gani, akamwona anaelekeza kidole chini. Akatazama mswala wake. Midomo ikaanza kwenda, na haikuwa tasbihi: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Akageukia wa Bi Thuwaiba. Huko akafika nane, akaanza upya, akafika nane.

"Yampayinka!" Idi alinong'ona kwa mshangao. "Mzee anaswali juu ya uwanja wa mpira."

"Ni mutu mukubwa," Sijaona alisema. "Angeenea wapi?"

Hamood alifungua kinywa. Wote wakangoja. Miaka arobaini ya maneno ilikuwa imejipanga nyuma ya meno yake, na hakuna lililokubali kutangulia.

Akaukunja mswala wake, na ulichukua muda kukunjika. Akatafuta viatu mlangoni, akavaa, akatoka.

Bi Thuwaiba alichukua daftari, akaandika: makaro ya jikoni, katoni nane, yapo.