Gari la Useni Lilipokata Pumzi

Mutu akisema mbele yangu kwamba gari halipumui, ninamwacha amalize chai yake kwanza, kisha ninamuuliza kama amewahi kuolewa na shoferi. Mimi Kuluthumu niliolewa na Useni, aliyeendesha kamyo ya samaki kutoka Vitshumbi mpaka Goma, na miaka yote ile ya mwisho ya wakati wa Wabelgiji nilikuwa na hofu moja tu: kwamba iko siku barabara itanirudishia nguo zake bila mwenyewe. Ndivyo ilivyonifanyia kwa kaka yangu Assani. Kamyo yake ilikatika breki kwenye muteremuko wa Kabasha, wakatuletea kofia na viatu.

Sasa fikiria moyo wangu ulivyokuwa siku Useni alipofika nyumbani kwetu Birere, mjini Goma, anavuta kwa kamba gari dogo jekundu, gari la mashindano, halina paa, viti viwili, pua ndefu ajabu. Muzungu mumoja wa kahawa kule Masisi alilichoka akalitupa kwenye banda la mbuzi. Kuku walikuwa wametaga ndani.

“Hii ni ya nini?” nikamuuliza.

“Ya kufurahisha moyo.”

“Moyo wa nani?”

Akacheka, mutu muzima! Akanipa mayai.

Kuanzia siku ile, akishuka kwenye kamyo hakuoga, hakula, alikwenda uani kwa gari lake. Rafiki yake Viateur, fundi wa kuunga vyuma, mutu wa Rutshuru mwenye maneno machache, alikuja kila jioni na taa yake. Wakafungua injini yote, wakaipanga vipande vipande juu ya mikeka yangu. Siku moja nikakuta valvu zinaogelea katika petroli ndani ya karai langu la kuoshea muchele. Nikamwambia Useni, hapo hapo mbele ya Viateur: “Leo utakula chuma. Nitakukaangia na kitunguu.” Viateur akainamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Wakalifufua gari lile, lakini halikuwa na nguvu. Kupanda kilima kidogo tu linahema. Useni akanieleza kwamba injini ile ilizaliwa kwao chini, karibu na bahari, ambako hewa ni nzito. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini inavuta, inavuta, haishibi. Hilo nililielewa mara moja, maana shangazi yangu wa Ujiji alipokuja kututembelea tukampeleka Masisi, kila akipiga hatua chache anatafuta jiwe akae.

“Basi injini irudishe baharini,” nikasema.

“Hapana, mama. Nitailetea hewa hapa.”

Alichokileta ni chuma kimoja kilichojikunja, walichokifungua kwenye kamyo kubwa ya mazuti, yaani dizeli, iliyoanguka bondeni. Wenyewe wanakiita turbo. Sisi nyumbani tulikiita konokono, kwa umbo lake. Useni akanikalisha chini akanionyesha kwa kidole. Ndani mna magurudumu mawili madogo kwenye fimbo moja. Moshi wa injini ukitoka, unazungusha hili la kwanza. La kwanza likizunguka, la pili nalo linazunguka, linavuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini.

“Yaani ni moshi? Huu moshi wa kutupa ndio unarudi kuilisha injini?”

“Ndio huo huo.”

“Aka!”

Nilishika mashavu. Sikutaka kusifu, maana ukimusifu Useni halali, lakini moyoni nilisema Mungu ameficha mambo hata ndani ya moshi.

Jioni walipoiwasha mara ya kwanza, nilikuwa jikoni na maharagwe. Injini ilinguruma kama siku zote, kisha Viateur akakanyaga, na hakuna kitu. Akakanyaga tena, hakuna. Halafu, ghafla, sauti nyingine ikatoka chini ya ile sauti, mluzi mwembamba unaopanda, unapanda, mpaka mabati ya nyumba yakaanza kuitika. Nilitoka mbio. Konokono ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kaa la moto, na gari zima linatetemeka pale pale liliposimama. Majirani walijaa kwenye ua. Muzee wa nyumba ya pili alivua kofia. Nywele za mikono zilinisimama, wallahi, nikasikia machozi yananijia bila sababu. Maharagwe yaliungua yote na sikujali.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeona uzuri wake, lakini nilikuwa nimeona pia nguvu zake, na mwenye kuzikalia nguvu zile ni mume wangu.

Asubuhi nikamuambia: “Useni, kamyo yako ya samaki inakimbia namna gani?”

“Taratibu.”

“Basi na hili taratibu. Apa.”

Akaapa. Lakini mimi naye tunajuana. Nikasema kila mahali litakapokwenda, na mimi nimo.

Kilichobaki ni kulitengeneza vizuri zaidi, na hapo ndipo kazi haikwisha tena. Useni akaona hewa ya karibu na injini ina joto, akataka ile baridi. Viateur akaunga bomba refu likapita chini ya pua ya gari, mdomo wake ukawa kiganja kimoja tu juu ya ardhi, ili linywe ubaridi wa asubuhi. Na hawakuwa na mashine za kupimia kabureta kama zile za garaje za Wazungu. Walipima kwa masikio. Mumoja anakaa kwenye usukani, mwingine anapiga magoti mbele na turnavisi, bisibisi ile, anageuza kidogo, anasikiliza, anageuza tena. Kazi hiyo inataka kimya. Kwetu Birere utakipata wapi kimya, na watoto, na vinu, na adhana? Kwa hiyo Jumapili alfajiri walikuwa wanatafuta mahali njia ya Sake.

Siku hiyo ninayoieleza tulitoka watatu, mimi nimejibana nyuma juu ya sanduku la vyombo, nimeshika mandazi yangu. Tulipofika Keshero jua lilikuwa linachungulia. Ziwa limetulia, mulima bado una moshi wake kichwani. Useni akaona kando ya barabara kibonde kidogo, mawe ya volkano yamekizunguka kama ukuta, jani moja halitikisiki.

“Hapa!” akasema. “Angalia hapa! Upepo haufiki kabisa. Tutasikia hata valvu ikikohoa.”

Wakaliteremusha gari, pua mbele, likasimama mule chini na matako yake yameelekea barabara. Mimi nikapanda juu ya jiwe kubwa pale ukingoni, maana nguo yangu ilikuwa mupya na sikutaka oili. Nilipopita mule chini pua yangu ilichoma kidogo kwa ndani, kama mutu aliyekunywa limonadi ya gesi kwa haraka. Nikadhani ni petroli.

Injini iliyotuleta ikiimba tangu nyumbani ikaanza kukohoa.

“Mafuta yamezidi,” Useni akasema. Akapiga magoti mbele ya pua, akapunguza. Ikakohoa zaidi. Akaongeza. Ikawa mbaya kuliko kwanza.

“Kanyaga!” akamwambia Viateur.

Viateur akakanyaga, konokono ikapiga mluzi wake, na katikati ya mluzi injini ikazimika. Ilikata kama mutu aliyezibwa mdomo. Wakajaribu kuiwasha. Ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

“Kichwa kinaniuma,” Viateur akasema. Alikuwa anahema, na mimi nikamtania kwamba pombe ya jana ndiyo inamdai.

Useni hakusikia. Alifanya wanachofanya mafundi wote duniani gari likiwakatalia: alilala chali, akajiingiza chini yake kuangalia bomba. Ikabaki miguu. Nikala andazi moja. Nikamwambia kitu, sikumbuki nini, labda kwamba tutachelewa. Hakujibu. Hilo halikuwa jambo geni. Lakini Useni akifanya kazi mguu wake wa kulia hauachi kuchezacheza, na mguu ule ulikuwa umetulia.

“Useni?”

Kimya chenyewe walichokuwa wanakitafuta.

Wakati huo huo nikasikia kelele nyuma yangu barabarani. Kundi la wamama wa Keshero walikuwa wanakwenda misa Goma, wamevaa vizuri, viatu mkononi. Mbele yao mama mumoja mrefu, ambaye baadaye nilijua ni Nyiramahirwe, alikuwa anakimbia na kupunga kitambaa. “Mutoke! Mutoke mule! Ni mazuku! Mbuzi wetu wanakufia mule asubuhi!”

Mazuku nilikuwa ninalisikia tangu utoto, sisi watu wa mjini tukidhani ni jini la kutishia watoto. Kumbe ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito, haina rangi, inajaa kwenye mashimo kama maji katika bakuli, na pasipo upepo wa kuifukuza inakaa pale inangoja. Na sisi tulikuwa tumekitafuta kibonde kile kwa sababu hakina upepo!

Nikaruka kutoka kwenye jiwe. Nyiramahirwe akanikamata mkono, mkono wenye nguvu.

“Mama, usiende hivyo! Jaza kifua hapa juu. Ukifika, funga pumzi. Usipumue mule hata kidogo. Ukishindwa, rudi.”

Nikajaza kifua nikashuka. Viateur alikuwa ametoka kwenye kiti, amesimama ameshikilia mlango, macho yameiva. Nikamsukuma aende juu. Nikainama nikakamata vifundo vya miguu ya Useni nikavuta. Mungu wangu, uzito wa mutu asiyejisaidia! Alisogea kidogo. Kifua kikanipiga ngoma, nikaona weusi, nikarudi mbio mpaka ukingoni, nikapumua, nikashuka tena. Nilivuta ninalia kwa ndani, maana kulia kwenyewe kunataka pumzi. Mara ya tatu Nyiramahirwe alikuwa pembeni yangu na nguo yake ya misa, kila mutu mguu wake, tukamtoa mpaka barabarani.

Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anapumua, lakini kidogo, na kwa kukatika: anavuta, halafu unangoja, unangoja, mpaka unataka kumpiga. Nilimpiga kweli. Nilimwita kwa majina yote, hata yale ya ndani ya nyumba.

Jumapili alfajiri, njia ya Sake, hakuna kamyo inayopita. Hospitali iko Goma. Hapo nikageuka nikaliangalia gari.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Mdomo wake ulikuwa chini kabisa, kiganja kimoja juu ya ardhi, ndani ya mazuku. Lilikunywa sumu kabla yetu sote. Lilikohoa kutuambia. Sisi tukalishika na turnavisi, tukalilazimisha kupumua kisichopumulika, mpaka likafa mbele ya macho yetu, na mwenye gari akaenda kujilaza pale pale lilipofia. Chuma kilijua, na watu watatu hawakujua!

“Kamba iko nyuma, kwenye sanduku la vyombo,” Viateur akasema. Alikuwa ametapika, lakini amesimama. Akajaza kifua, akashuka, akafunga kamba kwenye matako ya gari, akatuletea ncha yake juu. Wamama wote wakaweka viatu chini. Nyiramahirwe akaanzisha wimbo wa kanisa, wakavuta, na mimi Muislamu nikavuta pamoja nao kwa Bwana Yesu wao, na gari jekundu likapanda kinyumenyume mpaka likasimama kwenye upepo wa ziwa.

Viateur akakaa. Akagusa ufunguo.

Likawaka. Kuligusa tu, likawaka, safi, laini, kana kwamba halijawahi kukohoa tangu liumbwe. Mama mumoja akapiga ishara ya msalaba.

Nikakaa kiti cha pembeni, wakanipakilia Useni mapajani, kichwa chake shingoni kwangu. Viateur akaondoka taratibu, mutu mwenye heshima, anakwepa mawe, kwa mwendo ule ule niliomwapisha Useni. Nikasikia Useni anavuta pumzi, kisha ninangoja, ninangoja.

“Kanyaga!” nikapiga kelele.

“Mama Kuluthumu, barabara ni ya mawe.”

“Kanyaga, Viateur! Mguu wako una nini?”

Akakanyaga. Kwanza hakuna kitu, kama kawaida yake. Halafu konokono ikaamka, mluzi ukapanda, na gari likaruka mbele, mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. Sijawahi kuona kitu cha namna ile, na sitakiona tena. Miti ya Keshero ilikuja ikaondoka. Ziwa lilikimbia pembeni yetu. Upepo uliingia kwa nguvu, maana hakuna paa la kuuzuia, ukajaa mdomoni mwangu, ukavimbisha shati la Useni, ukapenya kwenye pua zake kwa lazima. Niliogopa mpaka mwisho wa kuogopa, na upande wa pili wa hofu ile nilikuta furaha, furaha kubwa yenye kutisha, nikawa ninapiga kelele sijui ni za nini.

Kifua juu ya mapaja yangu kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena kabla sijaanza kungoja.

Nikatazama chini. Macho yamefunguka, mekundu, yanaangalia mawingu yanavyopita. Akaangalia barabara. Akanikamata mkono kwa nguvu ya mutoto.

“Kuluthumu,” akanong'ona, “tutakufa. Mwambie apunguze.”

“Apunguze nini? Viateur, ongeza! Na wewe funga mdomo, upumue.”