Kufuli la Mama Meena

Wafaa alikuwa na miezi mitatu tu tangu aanze kazi ya ushauri nasaha katika kituo kimoja cha afya pale Bagamoyo, na jambo moja lilimkosesha raha: watu walikuja mara moja, wakalia, wakashukuru, wakapotea. Kati ya kumi na wanne, waliorudi ni wawili.

Mama Meena alipoingia, Wafaa alihisi atampoteza naye. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwenye duka la nyuzi, vifungo na zipu alilorithi kwa baba yake. Aliitikia shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, akaeleza harakaharaka. Kila jioni akishafunga duka, hawezi kuondoka. Hulivuta kufuli, akaenda hatua mbili, akarudi kulivuta tena. Mwaka wa tisa sasa. Wapita njia humcheka.

"Naelewa, mama," Wafaa alisema, kwa upole aliofundishwa chuoni.

Muda ulipokwisha, Mama Meena akaanza kuaga kwa adabu ya mtu asiyerudi. Siku zote Wafaa humalizia kwa kumwandikia mtu tarehe ya kurudi. Safari hii aliiweka kalamu chini.

"Mama, niwie radhi kwa swali hili. Usiporudi wiki ijayo, sababu itakuwa nini?"

Mama Meena alimtazama. "Umesema unaelewa mara tano, mwanangu. Huelewi. Ukitaka nirudi, kwanza wewe njoo uone."

Kwa hiyo kikao cha pili hakikufanyika chumbani. Wafaa aliomba ruhusa kwa mkuu wake, na saa kumi na moja jioni alikuwa amesimama barazani pa duka.

Mama Meena alifunga milango, akatia kufuli, akalivuta. Akaondoka, akarudi, akavuta. Midomo yake ilicheza bila sauti. Ilipofika mara ya ishirini, ngozi ya kidole ilichanika, naye hakuacha. Wafaa alijikuta ameshikilia nguzo. Maradhi haya alikuwa ameyasoma, akayafanyia na mtihani, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kupigana vita hivi hadharani kila siku ya Mungu, miaka tisa, na asubuhi akafungua duka akawauliza wateja wanataka uzi wa rangi gani. Zilipita dakika arobaini.

"Umeona?" Mama Meena aliuliza, jasho likimtoka.

"Nimeona, mama. Sikuwa nikielewa. Sijui mimi ningekuwa napata wapi nguvu ya kuamka."

Mama Meena akacheka kidogo. "Jumanne nakuja."

Akaja Jumanne hiyo, na iliyofuata. Wafaa hakumharakisha. Kila mwisho wa kikao alimuuliza nini kimemfaa na nini kimemkera, na alijibiwa bila kuoneana haya: kiti kinaumiza mgongo; maswali kuhusu marehemu baba yamekuja mapema mno. Kiti akakibadilisha, maswali akayaweka kando.

Kikao cha tano, Mama Meena mwenyewe ndiye aliyesema: "Leo twende dukani. Nitavuta mara moja. Usinishike, wala usinisemeshe."

Akavuta mara moja. Akageuka, akaanza kwenda. Bangili zilimlia mikononi. Alipofika kona alisimama, akageuza shingo nusu. Muuza kahawa wa pale kona aliacha kugonganisha vikombe vyake. Mama Meena alifumba macho, machozi yakamshuka, akabaki hapohapo, kifua kikienda mbio, dakika kumi, dakika ishirini. Kisha pumzi ikaanza kutulia, yenyewe, polepole. Akafumbua macho.

"Bado linaniita," alisema. "Lakini siendi."

Yule mama hakumfikia Wafaa hata begani, na bado Wafaa alijiona mdogo mbele yake kama mtoto. Akatembea naye hadi nyumbani kwake.

Mlango ulifunguliwa na wifi yake Mama Meena, macho yamemtoka. "Kuna nini? Mbona mapema? Hata chai sijateleka!"

"Hakuna kitu," alijibu Mama Meena akivua viatu. "Kaa. Leo naipika mimi."