Umeelewa? Chukua Chaki

Bweni lilipobaki tupu ndipo Zulfa alipojua kwamba lina sauti yake. Mabati yalilia jua lilipoyapasha, bomba la uani lilidondosha maji juu ya saruji, na upepo wa bahari ulipita kwenye korido ukigonga mlango huu na ule kama mgeni aliyepotea. Wenzake wa mwaka wa pili walikuwa wameshakwenda makwao, Masasi, Songea, Dar es Salaam. Waliobaki pale chuoni, mjini Mtwara, ni wale wa sapu tu, walioanguka wakapewa mtihani wa marudio. Walikuwa wachache, na kila mmoja alipita upande wa pili wa njia ili asikutane macho na mwenzake.

Zulfa alibakiwa na somo moja, Takwimu. Alianguka mwaka wa kwanza, akalibeba mpaka mwaka wa pili, akaanguka tena. Sasa ilikuwa sapu, na nyuma ya sapu hapakuwa na mlango mwingine. Akiikosa, amedisko, chuo kimemtoa. Atafunga godoro lake arudi kwao Mpapura, na ualimu aliouota tangu akiwa mdogo utabaki kuwa habari ya kusimulia.

Kitanda cha pili chumbani mwake kilikuwa hakina shuka. Kilikuwa cha Jesca.

Jesca alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa bandarini. Wazazi wake walikuja Mtwara kikazi kutoka Njombe, wakamzaa hapahapa, wakajenga Chikongola. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Kila muhula ulikuwa na wiki zake za kulazwa, na kila alipotoka hospitali, macho yakiwa ya manjano na mikono imekonda, jambo la kwanza lilikuwa kuchukua daftari la Zulfa, kwa kuwa Zulfa alikuwa na mwandiko mzuri na hakosi kipindi.

"Hapa umeandika gawa. Kwa nini tunagawa?" Jesca aliuliza.

"Mwalimu ndivyo alivyoandika."

"Mwalimu naye ana kwa nini yake. Iko wapi?"

Zulfa alicheka. Yeye hakuwa na kwa nini. Alikuwa na maswali yaliyokwisha kufanywa, na aliyakariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura kabla hajajua maana yake.

Jioni kundi lao lilikaa katika darasa la mwisho, lile lenye dirisha bovu, wakapiga diskasheni. Walikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni Jesca. Ukisema umeelewa, unapewa chaki unakwenda ubaoni kuwaeleza wenzako. Hakuna kuelewa kwa kutikisa kichwa. Jesca alikaa kiti cha mbele karibu na dirisha, chaki mkononi, akisubiri windo.

"Zulfa, umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Chukua chaki."

"Nimefunga mie leo, koo limekauka."

"Ramadhani si ilishakwisha, wewe!"

"Nalipa zangu za nyuma. Unataka nilipe mbele ya Mungu na chaki mdomoni?"

Darasa lilivunjika mbavu, na chaki ikaenda kwa mwingine. Jesca naye alicheka, lakini alimtazama Zulfa kidogo zaidi ya wengine, kisha akamwacha. Alimwacha hivyo siku zote, na hicho ndicho kilichomuuma Zulfa sasa. Laiti angemshika mkono akamvuta hadi ubaoni, hata kwa fujo.

Jesca alifariki mitihani ikikaribia. Zulfa alikwenda kaburini na ushungi wake, akasimama nyuma ya kwaya asijue wapi pa kuitikia, na zamu yake ilipofika akatupa konzi ya udongo kama walivyotupa wengine. Juma lilelile aliingia kwenye chumba cha mtihani. Alifungua karatasi, akaona namba zimekaa kama watu wasiomjua.

Mama yake alipiga simu asubuhi moja.

"Zulfa, mama, umeshakula?"

"Nimekula."

"Sauti yako haijala." Jogoo alisikika kwa mbali. "Rudi nyumbani, mwanangu. Korosho zimeanza kudondoka, tuokote pamoja. Hesabu kwetu haina ndugu. Baba yako alizikimbia, mie nilizikimbia, na tumeishi. Hakuna atakayekucheka."

Zulfa aliuma ncha ya ushungi. Kama mama angemgombeza, angepata pa kusimama. Huruma ile ilimfungulia mlango na kumtandikia mkeka kabisa.

"Nikimaliza mtihani nakuja, mama."

"Na ukishindwa?"

"Nitakuja vilevile."

Mama alicheka kidogo. "Haya. Fadhila anakuja huko sokoni kesho, nitampa ming'oko akuletee. Usile na maji matupu, chemsha chai."

Mchana ule Zulfa alikwenda kwenye darasa la mwisho. Vumbi lilikuwa juu ya viti, na kwenye ukingo wa ubao kulikuwa na kipande cha chaki kisichozidi kidole. Alikichukua. Alifanya lile analolijua, akaandika swali la zamani akalijibu lote kwa kukariri, likatoka safi. Kisha akabadilisha namba zake, na mkono ukasimama. Alibaki anautazama ubao, mgongo wake ukihisi kile kiti cha mbele karibu na dirisha.

"Haya, nimeelewa," alikiambia kiti. "Umefurahi? Tunatafuta wastani kwanza. Halafu tunatoa wastani kwenye kila namba. Halafu…"

"Dada, unafundisha majini?"

Aligeuka. Mlangoni alisimama Petro, kijana mrefu wa kozi nyingine, naye wa sapu ya Takwimu. Waliwahi kukaa pamoja kwenye foleni ya chai bila kusalimiana. Petro aliingia akicheka, akavuta kile kiti cha mbele akakaa.

"Hicho kina mtu," Zulfa alisema.

Petro alikitazama chini yake, akamtazama Zulfa, cheko likamtoka usoni. Aliinuka akahamia kiti cha pili. Alisema polepole, "Yule rafiki yako. Pole. Endelea basi, majini mengine yanasikiliza."

Zulfa aliendelea kwa sauti ya kutetemeka hadi akafika pa kugawa.

"Mbona namba ziko tano na wewe unagawa kwa nne?" Petro aliuliza.

"Ndivyo inavyofanywa."

"Kwa nini?"

Zulfa alirudisha chaki pale ilipokuwa, akatoka nje. Alitembea hadi nyuma ya bweni akakaa juu ya jiwe la kufulia, akalia kilio alichokuwa amekiahirisha tangu kaburini. Hakulia kwa sababu ya Petro. Alilia kwa sababu lile neno alilisikia kwa miaka miwili kila jioni, na siku zote alidhani linaulizwa ili kumwaibisha, kumbe Jesca alikuwa anauliza kwa sababu hajui na anataka kujua. Mgonjwa yule, aliyekosa nusu ya vipindi, hakuona aibu kutojua. Yeye mzima ndiye aliyeona.

Kesho yake alikwenda sokoni Chikongola kupokea kifurushi kwa Fadhila, jirani yao. Ming'oko, vile viazi pori vya kwao, ilikuwa imechemshwa na chumvi, imefungwa kwenye kitambaa, mirefu na mifupi. Aliikumbuka mikono ya mama. Mng'oko hauvutwi. Mizizi yake inashuka chini, myembamba, na mwenye haraka hupata kipande. Unafukua taratibu ukifuata unakokwenda wenyewe, kisha unakiacha kichwa chake ardhini na kukifukia, ili uote tena. Zulfa alikuwa hodari wa kazi hiyo tangu utotoni. Hakuna aliyemwambia kwamba mizizi kwao ina ndugu. Aliijua kwa kuivunja mingi.

Alishinda siku nzima juu ya lile swali la Petro. Alilifukua kushoto, akalifukua kulia. Alipotoka kwenda kumtafuta Petro alikuwa na kifurushi mkononi.

Darasani alipanga ming'oko minne juu ya meza, na wa tano akaufunika kwa ncha ya ushungi.

"Wastani wa yote mitano ni shubiri moja," alisema. "Pima hiyo minne, uniambie wa tano una urefu gani."

Petro alipima kwa mkono wake, akinung'unika. Mmoja ulizidi shubiri kwa nusu, mingine ilikuwa sawasawa.

"Wa tano ni nusu shubiri."

"Umejuaje na hujauona?"

"Sasa utakuwaje mwingine? Hauna pa kwenda. Hii minne imeshauamulia."

"Basi huo hatuuhesabu," Zulfa alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Yenye uhuru ni minne, ndiyo maana tunagawa kwa nne. Wa mwisho unabeba kilichobaki."

Petro alipiga meza. "Eh! Kumbe!" Kisha akaunyakua wa tano akautia mdomoni.

"Umeelewa?" Zulfa aliuliza.

"Nimeelewa."

Alimnyooshea chaki.

Walifanya hivyo kila siku hadi mtihani, wakipokezana ubao, na wakati mwingi walikosea. Kiti cha mbele hakikukaliwa. Siku ya sapu swali lilikuja na namba ngeni na sura ngeni. Zulfa aliweka kalamu chini, akafumba macho, akajiuliza kwa nini, kisha akaanza kufukua.

Matokeo yalipotoka kwenye simu alikuwa shambani Mpapura, ndoo ya korosho miguuni. Alipata C. Mama alipiga kigelegele, mbuzi wakashtuka. Zulfa alitabasamu, akafungua jina la Jesca kwenye simu, kidole kikasimama juu yake. Aliifunga simu, akainama kuokota.

Mwaka wa tatu ulipoanza bweni lilijaa tena kelele. Kundi, sasa pamoja na Petro, lilirudi darasa la mwisho, na msichana mgeni, Tumaini, aliyehamia kutoka kozi nyingine, aliingia akaenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele karibu na dirisha. Petro alimtazama Zulfa. Zulfa alifungua mdomo, akaufunga.

"Tuanze," alisema.

Alieleza hadi mwisho. Alipomaliza alisubiri kidogo, sikio likielekea dirishani. Tumaini alikuwa anatikisa kichwa, kalamu ikikimbia kwenye daftari lenye mwandiko mzuri. Hakuna aliyeuliza.

"Kwa nini?" Zulfa aliuliza mwenyewe, akashuka kutoka ubaoni akaenda hadi kiti cha mbele, chaki mkononi.