Namba ya Fundi Miwani

Mkewe alipozikwa, Msahihishaji alibaki na nyumba ya vyumba vitatu na simu ya marehemu. Jina hilo alibandikwa kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa akiwinda makosa ya watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja, likamganda hadi mtaani. Hata barua ya rambirambi kutoka kwa wenzake aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na alipoona ametia alama mahali pawili, akaiweka chini na kulia.

Wiki ya tatu alikaa mezani na simu ile, akaanza kupitia majina ili awape taarifa wale ambao hawakuwa wamesikia. Kwenye herufi F akakuta "Fundi Miwani". Akakunja uso. Mkewe hakuwahi kuvaa miwani. Mpaka ugonjwa unamlaza alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila kukodoa macho. Akafungua orodha ya simu zilizopigwa. Fundi Miwani alipigiwa kila Alhamisi saa kumi jioni, saa ambayo yeye alikuwa bado kiwandani ameinamia karatasi. Dakika arobaini. Dakika hamsini. Alhamisi moja, saa nzima na robo.

Ilikuwa Jumatatu. Akapiga, iliita mpaka ikakata. Jumanne akapiga tena, hivyo hivyo. Jumatano haikupatikana kabisa.

Basi wivu ukampanda, wivu wa mzee wa miaka sitini na nne kumwonea mke aliye kaburini. Alijua ni aibu, akashindwa kuuzuia. Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye mwenyewe, mume wa ndoa, hakukumbuka lini mara ya mwisho walizungumza dakika hamsini mfululizo. Ni nani huyo aliyezipata?

Akawasha kompyuta, akaiandika namba kwenye mtandao ikianza na sifuri. Hakuna kitu. Akaiandika na msimbo wa nchi. Zikaja kurasa zinazojigamba kwamba zinamjua mwenye namba, kila moja ikitaka kwanza ajisajili. Lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba hata nafasi kati ya tarakimu ina maana. Akaiandika kwa mafungu ya tatu tatu, na hapo ikatokea: tangazo la miaka sita nyuma. "Tunarekebisha miwani ya aina zote. Vioo, mikono, skrubu. Jengo la posta ya zamani, ghorofa ya kwanza, chumba namba tisa." Chini yake, namba ile ile.

Tangazo lilitaja mji ulio mwendo wa saa tatu kwa basi. Hakumwambia mtu. Njia nzima alipanga maneno ya kumtupia bwana huyo, akayapanga upya, akayafuta.

Chumba namba tisa kilikuwa chembamba. Kulikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, na droo ndogo ndogo za skrubu zilizopangwa hadi darini. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Bwana hakuwepo.

"Shikamoo," mwanamke alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba."

"Nikusaidie nini, baba?"

Maneno yote ya njiani yakamkauka. Akajikuta amevua miwani yake. "Mkono huu umelegea," akasema. Na kweli ulikuwa umelegea.

Bila miwani aliona ukungu tu, na katika ukungu mikono miwili inayofanya kazi upesi. Kisha fundi akasimama, akainama juu ya meza, akamvisha miwani yake kwa vidole viwili viwili. "Inabana masikio?"

Aliinua macho. Mbele yake ilikuwa sura ya mkewe: paji lile pana, mwanya ule wa meno ya juu, na ule mtindo wa kung'ata mdomo wa chini huku akingoja jibu. Fundi naye alikuwa akimtazama.

"Wewe ni mume wake," alisema. Hakuwa anauliza. "Alinionyesha picha yako."

"Ndiye mimi."

"Amefariki lini?"

"Nani amekwambia?"

"Mama alikuwa ananipigia Alhamisi tu. Simu ilipoita Jumatatu, nikajua si yeye aliyeshika simu. Nikajiambia nisipopokea, basi bado yupo. Ilipoita tena, nikaizima." Akaketi. "Lini?"

"Wiki ya nne sasa. Ini."

Fundi akaanza kurudisha skrubu kwenye droo, moja moja. Alipomaliza, machozi yalikuwa yamefika kidevuni, wala hakuyafuta.

"Kwa nini hakuniambia?" Msahihishaji aliuliza.

"Mlipokuwa wachumba, binamu yako alioa mwanamke mwenye mtoto. Ukasema mbele ya watu kwamba wewe huwezi kula sahani moja na mtoto wa mwanamume mwingine. Mimi nilikuwa na miaka mitano, niko kwa bibi. Mama alisema atakuambia polepole, mkishazoeana."

Alitafuta kichwani. Harusi ya binamu aliiona, vicheko alivisikia. Maneno yenyewe hakuyakumbuka, ila hakuweza kuyakana. Yalifanana naye, kijana yule aliyependa kuchekesha watu.

"Alisema nini juu yangu, miaka yote hiyo?"

"Kwamba wewe ni mtu mwema. Ilikuwa inaniudhi."

Fundi alimwomba amwelekeze kaburi lilipo. Msahihishaji akachora njia kwenye karatasi. "Nitakwenda peke yangu, mzee," fundi alisema. Neno baba alikuwa ameliacha. "Usiniandalie chochote."

"Naweza kukupigia?"

Fundi aliikunja ile karatasi. "Usitumie simu yake."

Akiwa njiani kurudi, kwenye kiti cha dirishani cha basi, ndipo likamjia jambo jingine, zito kuliko lile la kwanza. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hawakujaliwa mtoto. Daktari alitaka wapimwe wote wawili; mkewe akaenda, yeye akakataa, akasema mimi mzima. Mama yake alimwita mkwewe mgumba hadharani, dada yake akadakia, na mkewe akaendelea kuosha vyombo. Sentensi moja tu, kwamba alikuwa amezaa, ingewafunga wote midomo. Mkewe aliimeza, siku baada ya siku, na si kwa ajili ya mtoto peke yake.

Jumapili iliyofuata alimwita dada yake. Dada mtu alikuja na mazungumzo yake ya kawaida, mpaka alipoona chai imepoa hakuna aliyeigusa.

"Wifi yako alizaa," alimwambia. "Ana binti, mtu mzima."

"Alizaa na nani?"

"Kabla yangu. Asiyezaa nilikuwa mimi."

Dada yake alitazama sakafu. "Na maneno yale tuliyomwambia," akasema, sauti chini.

"Mlimwambia," Msahihishaji alijibu, "na mimi nilikuwa nimekaa palepale."